Kidole gumba cha mguu kimevunjika, nakikingaje kisigongwe tena?

MamaDagaa_Kirumba

Habarini za humu ndani. Naomba msaada kwa aliyewahi kuvunjika kidole cha mguu. Pole nimeshapewa za kutosha, sasa nataka ujanja.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kuli mmoja aliponyokwa na kreti ya sangara pamoja na barafu yake, ikatua kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Picha ikaonyesha mfupa wa mbele umepata ufa, na kucha ikaondolewa maana ilikuwa inaning'inia tu. Wakanifunga kidole pamoja na jirani yake kwa plasta, nikachomwa sindano ya pepopunda, nikapewa vidonge. Daktari akamalizia: "Mama, kisigongwe." Nikasema sawa. Natoka getini tu, bodaboda wa kwanza kunikimbilia akanisogezea tairi mpaka kwenye bandeji.

Jamani, kila kitu Mwanza hii kinapita usawa wa kidole gumba. Naishi Mabatini kule juu kwenye mawe, na ngazi za kwetu kila mtu kapanga jiwe lake alivyoona yeye, moja fupi, moja refu. Aliyesema kujikwaa si kuanguka, vidole vyake vilikuwa vizima. Kwenye daladala mtu akipanda macho yote yako kwenye siti, chini haangalii. Mwaloni nako toroli, magunia, makuli wanaopiga kelele "kaa pembeni!" wakati wameshakufikia.

Nyumbani nina mjukuu wa miaka minne ambaye salamu yake ni kurukia miguu. Na usiku ndiyo balaa. Juzi nimeshtuka usingizini nikadhani kuna mtu kanikanyaga, kumbe ni chandarua: nikijigeuza kinavutika, kwa kuwa kimechomekewa chini ya godoro, kinakilalia kidole.

Nimejaribu soksi mbili nene za baba watoto, nikazungushia na kipande cha kanga. Ikawa nimeongeza ukubwa wa shabaha. Kandambili zinaacha kidole wazi, viatu vya kufunika haviingii. Kukaa ndani siwezi, mzigo wangu hauna msimamizi mwingine. Mnafanyaje wenzangu?

Nesi_wa_Zamu

Pole mama (najua umezikataa, pokea hii ya mwisho). Kabla ya ujanja wa nje, angalia ndani ya hiyo bandeji.

Kucha ikitoka na mfupa wa chini yake ukawa una ufa, vijidudu vinakuwa na njia fupi ya kufika kwenye mfupa. Kwa hiyo kama kwenye vidonge ulivyopewa kuna antibayotiki, maliza dozi hata kama maumivu yamepungua. Ukiona usaha, harufu, wekundu unaopanda kuelekea kwenye unyayo, au homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Plasta: kati ya kidole na kidole kuwe na kipande cha gozi, la sivyo jasho linalowesha ngozi mpaka inachubuka. Isikaze. Bonyeza nyama ya chini ya kidole, ile ya upande wa unyayo, kisha achia. Rangi irudi hapo hapo. Ikichelewa, au kidole kikiwa cha baridi au kina ganzi, legeza.

Kwa kuwa uko Mwaloni: usikanyage maji ya ziwa hata kwa kunawa tope tu. Kichocho hakihitaji kidonda, kinapenya kwenye ngozi nzima, na wewe una kidonda juu yake.

Ngazi zako za Mabatini: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mgonjwa, na ukanyage kwa kisigino. Una sukari? Kama unayo sema, maana wenye sukari wakati mwingine hawasikii kidole kikigongwa.

MsukumaHalisi

Mayu, mangapi hayo yote. Kuna wazee wanakanda mifupa kwa mafuta, wananyoosha, muda mfupi tu unacheza ngoma. Hospitali watakuzungusha.

Nesi_wa_Zamu

@MsukumaHalisi hapana kaka. Huyu ana kidonda wazi na mfupa wenye ufa. Kukanda ni kuusogeza mfupa ambao sasa hivi unajiunga, na mafuta yanaingia kwenye kidonda. Mama hapa anauliza jinsi ya kuzuia kugongwa, na kukandwa ni kugongwa kwa kulipia.

Fundi_Katambuga

Mama shikamoo. Mimi ni fundi viatu, nipo Nyakato, na kazi hii nimeshawafanyia watu wa viwandani. Naomba niandike kwa urefu kidogo.

Soksi na kanga hazikusaidii kwa sababu kitu laini kinalipokea pigo halafu kinalipeleka kwenye kidole. Unachohitaji ni kitu kigumu ambacho hakikigusi kidole kabisa. Pigo liishie kwenye hicho kitu, na kati yake na kidole pawe na nafasi tupu.

Katambuga, yaani kiatu cha wazi cha tairi, inaifanya kazi hii vizuri kuliko kiatu chochote cha dukani. Tafuta tairi lisilo na waya ndani. Hili ni la muhimu, maana tairi la waya likishakatwa linatoa ncha ndogo ndogo ambazo huzioni mpaka zikuchome. Soli iwe ya tabaka mbili ili isikunjike. Ukiikunja kwa mikono ikakubali, bado ni laini, maana kidole gumba ndicho kinachosukuma mwili ukitembea, na soli ikikunjika mfupa nao unakunjwa.

Soli ipite mbele ya kidole kwa upana wa vidole viwili vya mkono. Hapo mbele unasimamisha ukuta: kipande cha tairi kilichopinda kufuata mzunguko wa soli, kirefu kuliko kidole kinavyosimama na bandeji yake. Usikipigilie kwa misumari. Kishone kwa uzi wa nyavu, ambao hapo Mwaloni hauna haja ya kununua, omba tu kipande kwa wanaoshona nyavu. Juu pabaki wazi ili kidonda kipate hewa, ila ukiogopa vitu vya kuangukia, tunapitisha utepe wa tairi kutoka upande hadi upande, juu juu, usiguse.

Sasa wengi wanasahau mikanda. Ukuta bila mikanda ni hatari kuliko kutokuwa na ukuta, kwa sababu ukishuka mlima mguu unateleza mbele na kidole kinakwenda kuugonga wenyewe. Lazima pawe na mkanda mpana juu ya mgongo wa mguu na mwingine nyuma ya kisigino, na mguu ukishafungwa usiende mbele hata kidogo.

Kujaribu: vaa, kaa kwenye kiti, mtu mwingine agonge ule ukuta taratibu kwa mpini wa nyundo. Kidole kikistuka, nafasi haitoshi, fundi arudie.

Konda_Hiace

Hapo kwa fundi nimeinua mikono. Mimi naongezea ya barabarani tu. Mama, mguu wako mgonjwa ni wa kulia, basi kaa upande wa dereva, dirishani. Mlango uko kushoto, kwa hiyo mguu wa kulia unakuwa umeegemea bodi ya gari na hakuna anayepita hapo. Siti ya njiani usiikubali hata kama umepewa kwa heshima.

Panda gari likiwa bado linaita abiria, usigombanie linalopita. Mwambie konda kabla hujaweka mguu ndani, "nina kidole kimevunjika," siyo ukishakanyagwa. Sisi tuna maneno mengi lakini hilo tunalielewa. Na kushuka uwe wa mwisho, hata wakikuzomea wenye haraka.

Bibi_Nansio

Mwangaluka mwanangu. Chandarua usiache kulalia, kidole kitapona lakini malaria haina huruma. Chukua boksi gumu, kama la katoni za sabuni, likate pande mbili zinazotazamana ili lipitishe mguu, liweke pale miguuni. Miguu inakaa ndani ya boksi, shuka na chandarua vinalala juu ya boksi. Hospitali wana chuma cha kazi hiyo hiyo kwa walioungua. Mzee wangu alipokatwa na injini ya mtumbwi nilimfanyia hivyo.

Mjukuu usimfukuze, maana utamfukuza kila siku. Mpe kazi. Mwambie yeye ndiye askari wa kidole, mtu akikaribia apige kelele. Utachoka kwa kelele lakini hatakurukia.

MamaDagaa_Kirumba

Mungu awabariki. Boksi limeshapatikana, na askari ameanza kazi, amemfokea mpaka mchungaji wetu aliyekuja kunijulia hali. Nesi, sukari sina, nilipimwa. Je, haya maisha ya kujilinda ni mpaka lini?

Fundi marahaba. Swali moja: hiyo katambuga ya tabaka mbili si itakuwa ndefu kuliko kiatu cha mguu mwingine? Tayari kiuno kinaniuma kwa kuchechemea.

Nesi_wa_Zamu

Mfupa wa kidole kwa kawaida huchukua kama wiki 4 hadi 6 kushika, ila gumba wakati mwingine huzidi, ndiyo maana kliniki watakuangalia tena kabla hawajakuruhusu viatu vya kawaida. Kucha ni habari nyingine, ya mguuni inaweza kuchukua mwaka mzima hadi mwaka na nusu kuota yote. Nyama iliyokuwa chini yake itakuwa nyepesi kwa muda, hivyo hata mfupa ukishashika usikimbilie viatu vya kubana. Jioni ukirudi, lala na uweke mguu juu ya mito, uwe juu kuliko kifua. Uvimbe ukipungua na maumivu ya usiku yanapungua.

Fundi_Katambuga

Umeuliza la maana mama. Itakuwa ndefu, kwa hiyo nakutengenezea na ya kushoto yenye kimo kile kile, bila ukuta. Hiyo ya kushoto sikutozi kazi, utalipia tairi tu. Njoo jioni, usije asubuhi. Jioni mguu unakuwa umevimba, na nikichukua kipimo wakati huo mikanda haitakubana. Ila kama mvua imenyesha usishuke kwenye hayo mawe, mtume kijana aje na alama ya mguu uliyoichora kwenye karatasi, bandeji ikiwa imefungwa.