Uzi maalumu kwa yule "mtaalamu" anayechomoa waya za watu ili achaji simu

Nyaya_Tupu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa nimevurugwa, mikono inatetemeka. Moda naomba msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la utani, hapa hakuna utani.

Simtaji jina. Mnamjua wote. Yule wa "mimi nimeanza kompyuta enzi za disketi". Yule ambaye ukimuuliza saa ngapi, anaanza kukuhadithia seva aliyoifunga mwaka 1998, ukija kupata jibu kumeshakucha. Leo kaja kwenye saiti yangu.

Saiti ni ghala. Kuna mizani, kuna printa ya risiti, kuna kompyuta ndogo yenye Ubuntu (mfumo wa Linux). Mizani na printa zote ni za seriali, kila moja inaingia kwa kebo ya USB, zile za bei chee zenye chipu ya CH340, inayogeuza seriali kuwa USB. Poti nimezibandika plasta nyeupe nikaandika kwa maka peni: MIZANI, USICHOMOE. Herufi kubwa!

Akachomoa.

Magunia yako juu ya mizani, mnunuzi kasimama, bosi kasimama. Jamaa simu yake inazima, anaangaza macho, anaona poti. Anaisoma plasta. Nilimwona anaisoma, midomo ilikuwa inacheza. AKACHOMOA mizani, akachomeka chaja yake. Huyu hata wodini angechomoa mashine ya oksijeni ili amalizie kuangalia mpira.

Uzito ukaganda kwenye skrini. Kuona watu wanapiga kelele, akaichomeka mizani poti ya pembeni, eti yaishe. Sasa kwa wasiojua: poti ya mwanzo kerneli (kiini cha Linux) inaiita 1-1.2, na sheria yangu ya udev (programu inayovipa vifaa majina) inasema kifaa cha seriali kitakachokaa hapo kiitwe /dev/mizani. Alikochomeka yeye ni 1-1.4. Kwa hiyo /dev/mizani haipo tena. Na kwa kuwa programu ilikuwa bado imeshikilia ttyUSB0, jina ambalo kerneli iliipa mizani mwanzo, namba ile haikuachiwa. ttyUSB1 ni ya printa. Mizani ikapewa ttyUSB2. dmesg (daftari la matukio ya kerneli) imeandika yote haya, sisingizii mtu:

ch341-uart ttyUSB0: ch341-uart converter now disconnected from ttyUSB0
usb 1-1.4: ch341-uart converter now attached to ttyUSB2

Nikamwambia kwa adabu zote, mzee wangu, rudisha ulipotoa, niizime programu niiwashe, dakika moja tu. Akaninyang'anya kibodi. Mbele ya mnunuzi! Akaandika sudo chmod 777 /dev/ttyUSB0, yaani kila mtu apewe ruhusa zote. Kompyuta ikamjibu hakuna faili la namna hiyo, na ni kweli halipo, wewe si ndiye uliyelichomoa? Badala ya kuona aibu, akapiga sudo chmod 777 /dev/* kwa nyota! Diski, kumbukumbu, kila kilichomo mle kikaachwa wazi kama stendi. Halafu akamgeukia bosi: "Huyu dogo bado sana. Mngeniita mimi mapema."

Bosi akatikisa kichwa kukubali.

Na muda wote huo simu yake inaendelea kuchaji kwenye poti ya mizani yangu. Plasta inaning'inia. USICHOMOE.

Mchuuzi_wa_Biti

Tuliza mshono mkuu. Gazeti lote hili kwa ajili ya waya mmoja?

Shangazi_wa_Seva

Nimemjua kabla sijamaliza aya ya pili 😂😂 Kwetu alikuja "kusafisha vumbi" tu. Alipoondoka, skana haikuonekana tena, akatuandikia ankara ya ushauri.

Pini_Tisa

Pole sana. Ila mtoa mada, kwa nini unafunga kwa poti? Kuna /dev/serial/by-id, pale kifaa kinatambulika kwa jina lake hata ukikichomeka wapi. Ungetumia hiyo usingelia leo.

Kebo_Fupi

@Pini_Tisa umekurupuka. CH340 za mtaani hazina namba ya utambulisho ya kila kimoja. Chomeka mbili, ingia by-id, utakuta jina moja tu, usb-1a86_USB_Serial-if00-port0. Zinagombania kiungo kimoja. Kerneli inaiona chipu, haioni mizani wala printa iliyo nyuma yake. Kwa kebo hizi poti ndiyo njia pekee, jamaa alifanya sahihi. Akitaka by-id imsaidie anunue kebo zenye namba, na hizo bei yake anaijua.

Nyaya_Tupu

ASANTE @Kebo_Fupi. Nasisitiza, poti ilikuwa na PLASTA. Alisoma. Akachomoa. Kuna la kujadili hapo?

Mchuuzi_wa_Biti

Lipo. Programu gani inakufa kisa waya umetoka sekunde tatu? Kifaa kikiondoka kerneli inatangaza, kikirudi inatangaza. Programu yako ilitakiwa isikilize, ifunge poti, ifungue upya. Ungekuwa unafunga, hata namba ingeachiwa na mizani ingerudi kuwa ttyUSB0.

Nyaya_Tupu

Wewe bila shaka ni mpwa wake. Sheria ya 1-1.2 ingeionaje mizani iliyohamishiwa 1-1.4? Na chaja je, nayo ingefungwa na kufunguliwa upya?

Babu_Mknod

Vijana mnadeka. Sisi zamani /dev ilikuwa folda ya mafaili yaliyokaa tu, kifaa kiwepo kisiwepo. Unatengeneza mwenyewe kwa amri ya mknod, na namba zake kichwani: ttyS0 ni 4 na 64, diski ya sda ni 8 na 0. Ikaja devfs, ya kujaza /dev yenyewe, mwaka 2000, ugomvi mtupu mpaka ikang'olewa. Mwaka 2003, kerneli 2.6 ilipokuja na /sys, ndipo mtu akaanza kuona mti mzima wa vifaa, basi (njia ya data) la PCI, la kadi za ndani, kivyake, la USB kivyake, nani kaning'inia kwa nani. udev inasoma huko na kutoa majina. Leo mnakuta kila kitu kimepangwa bado mnalia.

Na hiyo 777 aliyopiga wala isikuumize. /dev ya sasa iko kwenye kumbukumbu, zima washa ruhusa zinarudi zilivyokuwa. Ndiyo maana mafundi wa chmod wanaitwa kila Jumatatu. Mtu aingizwe kwenye grupu la dialout, lenye ruhusa ya poti za seriali, mara moja, yaishe.

Moto_wa_Soda

Afadhali yako umechomolewa na binadamu unayeweza kumnunia. Mimi mwaka 2022 nilipandisha Ubuntu 22.04, kebo hiyohiyo ya CH340 ikawa inachomolewa na kompyuta yenyewe! Unachomeka, ttyUSB0 inatokea, ukipepesa jicho imepotea. Kumbe kuna programu ya brltty inaona 1a86:7523, namba za chipu hiyo, na kusema hiki changu, inamnyang'anya draiva wa ch341. Niliing'oa, na bado nina hasira nayo hadi leo.

Bint_Ndui

@Moto_wa_Soda hiyo brltty ni ya vifaa vya breli vya wasioona, na vipo vinavyotumia chipu hiyohiyo yenye namba hizohizo. Kaka yangu anafanya kazi kwa kutumia hiyo programu. Kompyuta ikiwaka yeye hana skrini ya kuangalia, kifaa chake kisipokamatwa chenyewe anakaa gizani. Sheria ile ilikuwa pana mno, sawa, lakini usiseme "ing'oeni" kana kwamba haina mwenyewe.

Moto_wa_Soda

Nimekuelewa dada. Basi walaumiwe wanaouza chipu moja kwa vifaa mia bila kubadilisha namba.

Rafu_ya_Tatu

Nyie mna shida za waya, mimi nina shida ya PCI. Seva iko Dodoma, mimi niko Dar. Nikamwagiza mtu aongeze kadi ya diski. Kaongeza vizuri, kawasha, seva haionekani kwenye mtandao. Kadi ya mtandao ilikuwa enp3s0, maana yake basi la tatu, nafasi ya sifuri. Kadi mpya ilipoingia, mabasi yakahesabiwa upya, ikawa enp4s0. Mipangilio yote inaitafuta enp3s0 ambayo haipo. Na majina haya yaliletwa na systemd (programu inayoendesha huduma za Linux) mwaka 2013 eti yawe ya KUTABIRIKA! Nimepanda basi usiku kwenda kubadilisha tarakimu moja. TARAKIMU MOJA.

Pini_Tisa

😂😂😂 Funga kwa MAC, anwani ya kadi yenyewe, mkuu. Faili la .link, unaweka anwani ya kadi, unaipa jina unalotaka, haihami tena.

Rafu_ya_Tatu

Najua sasa. Nauli imeshaliwa.

Shangazi_wa_Seva

Enzi za majina ya eth0 nako kulikuwa na kadi mbili zinabadilishana majina kila ukiwasha. Hakuna pa kukimbilia.

Kuku_wa_Pai

Ngojeni niwape ya kwangu. Nina Raspberry Pi (kikompyuta kidogo) inawasha pampu ya kisima kupitia pini ya 17. Skripti imefanya kazi miaka, inaandika 17 kwenye /sys/class/gpio/export, pampu inawaka. Nikasasisha, ikaingia kerneli 6.6. Inanijibu "Invalid argument". Pini iko palepale, waya uko palepale, nyumba nzima haina maji.

Nyaya_Tupu

Jamani, tunarudi kwenye mada? Mtu kasoma plasta AKACHOMOA.

Kebo_Fupi

@Kuku_wa_Pai andika 529.

Kuku_wa_Pai

529 inatoka wapi?

Kebo_Fupi

Siku hizi pini za Pi zinaanza kuhesabiwa kwenye 512. Kwa hiyo 17 yako ni 529. Lakini usiizoee, njia hiyo ya /sys kwa pini imetangazwa kustaafu tangu 2016. Tumia /dev/gpiochip0 na zana za libgpiod, maktaba ya kuendesha pini, huko 17 inabaki 17.

Babu_Mknod

Umwambie na amri ya gpioset, kwenye libgpiod toleo la pili amri zimebadilika, mifano mingi ya mtandaoni ni ya toleo la zamani.

Kuku_wa_Pai

Imewaka!! 529 imewaka! Ngoja nijaze ndoo kwanza, hiyo libgpiod nitakuja kuwauliza baada ya kuoga.

Rafu_ya_Tatu

Nani ana mfano wa hilo faili la .link? Kesho wanaongeza kadi nyingine na safari hii sipandi basi.