Popoo linamfanya nini bibi yangu?

Binti wa Wete
Assalaam aleikum. Bibi yangu ana miaka 71 na kijaluba cha tambuu hakimtoki mkononi. Mimi ndiye ninayemkatia popoo, ile kokwa ngumu ya mpopoo, tangu niko darasa la tatu: jani la tambuu, chokaa ya ncha ya kidole, katu, popoo, na tumbaku kiasi cha ukucha. Anakunja, anasukumia shavu la kushoto, na baada ya dakika chache paji linatoka jasho, uso unakunjuka, hadithi zinaanza. Ramadhani hii imekuwa mtihani. Ikifika alasiri kichwa kinamuuma, hataki kusemeshwa. Juzi sufuria lilianguka jikoni akalia. Mama anasema ni uzee. Mimi siamini. Popoo lina nini? Na jengine: siku hizi hawezi kuuma embe, kinywa hakifunguki vizuri.

Mfamasia wa Ng'ambo
Waaleikum salaam dada. Si uzee. Popoo lina alkaloidi, yaani kemikali ya mimea, iitwayo arekolini. Ubongoni na mwilini mna vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo neva hupelekeana habari kwayo. Chukulia kipokezi ni kiti cha barazani chenye mwenyewe, asetilikolini. Arekolini inakikalia na kutoa amri zilezile za mwenyewe: mate yatoke, jasho litoke, akili iwe macho. Chokaa nayo haipo kwa ladha tu, inaisaidia arekolini kupenya upesi ngozi laini ya shavu.

Utafiti wa 2015 ulionyesha kuwa arekolini inagusa pia baadhi ya vipokezi vinavyoguswa na nikotini. Ongeza na ile tumbaku! Vipokezi vya bibi vimezoea kulishwa kutwa, ghafla mchana wa saumu havipati kitu. Kichwa kile na kilio kile ni vya kweli, msimlaumu. Wazee wetu tambuu na vikorombwezo vyake waliviita uraibu, na neno hilohilo leo tunalitumia kwa aliyenaswa na dawa za kulevya.

Kinachonitia hofu ni kinywa. Popoo hukakamaza nyama za ndani ya shavu, na hali hiyo inaweza kugeuka saratani. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa popoo husababisha saratani hata bila tumbaku. Mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii, usingoje Idi.

Mzee wa Konde
Na mnanaha je, ule mmea wa kulevya (si mnanaa wa chai)? Kijana wa kwetu alitafuna mbegu zake, usiku kucha akazungumza na watu wasiokuwepo, akiomba maji.

Mfamasia wa Ng'ambo
Shikamoo mzee. Mnanaha una atropini na skopolamini. Hizo zinakikalia kiti kilekile, lakini kimya; mwenyewe akija hana pa kukaa. Ndiyo maana popoo linajaza mate na mnanaha unakausha kinywa, mboni zinatanuka, akili inavurugika. Unaua ule. Mtoto akiula, mbio hospitali.

Binti wa Wete
Nimemmulika kwa simu baada ya futari. Shavu la kushoto ndani ni jeupe, nikilibonyeza ni gumu kama kamba, na vidole vyangu viwili tu ndivyo vinavyopita baina ya meno. Nimelia peke yangu uani. Keshokutwa asubuhi tunashuka Chake. Tumbaku amekubali kuacha. Popoo bado tunasemezana.