Mrejesho: ombi letu la I-130 limefunguliwa tena

Ndugu zangu mlionishauri, habari ni njema. Kwa ambao hawakusoma: mume wangu, raia wa Marekani, alijaza fomu I-130, ya kuniombea mimi mkewe nihamie kwake, ombi likakataliwa kwa sababu barua ya kudai ushahidi zaidi wa ndoa ilienda kwenye nyumba aliyokwisha kuhama. Huku Kampala mimi nilidhani bado tuko kwenye foleni.

Ombi likihesabiwa limetelekezwa, kwa kuwa barua kama hiyo haikujibiwa, huwezi kukata rufaa. Unaomba lifunguliwe tena kwa fomu I-290B ndani ya siku 30, au 33 uamuzi ukiletwa kwa posta, na siku huhesabiwa tangu ulipotumwa, si tangu ulipousoma! Kilichotuokoa ni karatasi moja: risiti ya AR-11, fomu ya kubadili anwani, yenye tarehe iliyotangulia barua ile. Tukaambatanisha cheti cha ndoa cha URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, miamala ya pesa kwa simu na picha za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, shangazi yangu akiwa amepiga magoti mkekani.

Uamuzi wa ombi lenyewe bado. Dada uliyesisitiza tusikimbilie kulipia ombi jipya, Mungu akubariki sana.