Mvinyo wa asali hauna uzito: niongeze asali, ndizi, majani ya chai, au niuache kwenye mashapo?

MzingaMmoja (Arusha)
Wakuu, habari zenu. Nina dumu la mvinyo wa asali: kilo 1.5 za asali ya Tabora, maji hadi lita 5, hamira ya mvinyo. Haidromita (kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki) ilianza 1.090, sasa inasoma 0.998 na haisogei tena, kwa hiyo kilevi ni kama asilimia 12. Harufu ya maua ipo na rangi inapendeza. Tatizo ni kwenye kunywa: unapita mdomoni upesi, haukai ulimini, halafu unachoma koo. Nimeshauriwa njia hizo nne. Mliozijaribu, ipi inafaa?

Chujio
Mkuu, hapo una matatizo mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Kuchoma koo kunatokana na joto wakati wa kuchachuka na hamira kukosa chakula. Asali ina sukari karibu asilimia 80, lakini naitrojeni ni kidogo mno, na hamira yenye njaa hutoa vilevi vikali. Huo ukali utapungua kwa kukaa miezi, hakuna cha kuufunika. Wepesi ni jambo jingine: sukari yote imeliwa na hakuna kitu kilichobaki cha kushika ulimi. Chumba chako kina joto kiasi gani?

MzingaMmoja
Mchana kinafika 27, mkuu.

Chujio
Basi ndiyo hiyo. Safari ijayo weka dumu ndani ya beseni la maji na ulizungushie kitambaa kibichi, lishuke karibu na 20. Chakula cha hamira kigawe kidogo kidogo katika siku 3 za mwanzo, usikimwage chote siku ya kwanza. Ukikosa cha dukani, chemsha hamira ya mkate kwenye maji kidogo ife kabisa, ipoe, mimina. Hamira hai inakula iliyokufa.

BibiWanzuki (Tabora)
Mwanangu, sisi wanzuki, pombe yetu ya asali, tunaunywa ungali mchanga, utamu haujaisha, ndiyo maana una uzito. Wewe umeuacha ukauke, sasa unautafuta utamu uliokwisha liwa. Rudisha asali kidogo. Ila usiifunge chupani hivyo hivyo, itaanza kuchachuka upya na chupa itapasuka.

NdiziMbivu (Bukoba)
Kwa uzito mtupu, ndizi inashinda. Chukua zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi, katakata, chemsha nusu saa, chuja bila kukamua, tumia yale maji badala ya sehemu ya maji yako. Lakini hiyo ni ya kuanzia pishi jipya. Ukiiweka sasa utaamsha hamira na kutibua mvinyo uliokwisha tulia. Tena niseme kweli: kwa asali nzuri ya miombo mimi siweki, harufu ya ndizi inaimeza.

Kigelia (Murang'a)
Ndugu yangu, hakuna aliyetaja ukakasi. Wazee wetu huku kwenye pombe ya asali hutumia tunda la muratina, lile la mvungunya, lililokatwa, likachemshwa na kukaushwa juani. Linabeba chachu na pia linatia uchungu na ukakasi kwenye kinywaji. Waethiopia nao wana gesho, mmea mchungu, kwenye tej, mvinyo wao wa asali. Asali peke yake haina hiyo kitu. Tunda bichi ni sumu, usijaribu kulikata mwenyewe bila anayejua. Wewe tumia chai nyeusi. Na usiweke kwenye dumu kwanza! Mimina glasi nne: moja iache, moja tia kijiko cha chai kali iliyopoa, moja matone ya limau, moja asali kidogo. Onja kwa zamu.

MzingaMmoja
Nimefanya jioni hii pamoja na mke wangu. Glasi ya limau imechangamka lakini bado nyepesi. Ya asali ni nzito, ila utamu umelala ulimini na koo linachoma vilevile. Ya chai ndiyo iliyotushangaza: hakuna ladha ya chai, lakini mvinyo unashika fizi na mashavu kwa ndani, na unakaa baada ya kumeza. Tukachanganya ile ya chai na ya asali. Mke wangu akasema hiyo ndiyo.

NdiziMbivu
Safi sana. Na mashapo je?

Chujio
Mashapo mazito ya mwanzo sishauri, hasa kwa joto lake. Yakikaa miezi yanatoa harufu ya kuoza. Yale laini yanayoshuka baada ya kuuhamishia mvinyo dumu jingine kwa mpira ndiyo mazuri, ukiyakoroga taratibu mara moja kwa wiki yanalainisha mvinyo. Kwa hiyo mkuu, fuata mpangilio huu: hamisha sasa, tia kikombe kimoja cha chai kali, acha miezi 3 au zaidi mahali pa baridi. Ukishang'aa kabisa, uhamishe tena, weka dawa mbili za kuhifadhi mvinyo, potasiamu metabaisalfaiti gramu 0.1 kwa lita na potasiamu sobeti gramu 0.2 kwa lita, subiri siku moja, ndipo urudishe asali, gramu 20 kwa lita kwanza. Sobeti haiui hamira, inaizuia kuzaliana tu, kwa hiyo usiiweke mvinyo ukiwa bado haujang'aa. Haidromita isome sawa wiki 2 mfululizo kabla ya kufunga chupa hata moja.

BibiWanzuki
Na asali ya kurudishia iwe ile ile ya mwanzo, usiichemshe. Moto unaondoa harufu ya maua.