Kilima chenye upepo mkali au uwanda ulio karibu na njia ya umeme? Naomba ushauri kabla hatujatia saini

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Kikundi chetu kinakusudia kujenga shamba la upepo la mitambo kumi, nasi tumefika mahali ambapo kosa moja litatugharimu miaka mingi. Tumebakiwa na maeneo mawili. La kwanza ni mgongo wa kilima ambako upepo huvuma hata miti yote imeinamia upande mmoja, lakini njia kuu ya umeme iko kilomita 30 kutoka hapo. La pili ni uwanda ulio wazi, kilomita nne tu kutoka kituo cha kupozea umeme, ila ukisimama pale huoni upepo wa kukushangaza.

Tulisimamisha mlingoti wa mita 10 kilimani kwa miezi minne, tukapata wastani wa mita 5 kwa sekunde. Uwandani hatujapima chochote. Wenzangu wanataka tutie saini mkataba wa ardhi ya kilimani mwezi ujao, na mimi moyo wangu haujatulia. Naomba mwenye uzoefu anieleze tunakosea wapi.

Mpima Upepo

Ndugu yangu, moyo wako una haki ya kutotulia. Tafadhali msitie saini kwa kutegemea kipimo hicho.

Nguvu iliyomo ndani ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake, kwa hiyo upepo wa mita 7 kwa sekunde hubeba nguvu iliyozidi ile ya upepo wa mita 6 kwa karibu asilimia 59. Sasa tazama kipimo chenu. Mitambo mnayoikusudia itakuwa na kitovu chake, yaani pale mapanga yanapofungwa, kwenye kimo cha mita 100 hivi, ilhali ninyi mmepima mita 10, na jinsi kasi inavyoongezeka kadiri unavyopanda hutegemea umbo la ardhi, miti, majengo, hata joto la usiku na mchana. Kwa kanuni inayotumiwa sana kwenye ardhi tambarare isiyo na vizuizi, mita 5 zenu zitakuwa karibu 7 huko juu. Mahali penye vichaka na miti zinaweza kukaribia 9. Kati ya makadirio hayo mawili nguvu ya upepo inazidi maradufu, na hakuna hesabu ya mapato inayoweza kusimama juu ya pengo la namna hiyo. Kilimani mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu huenda kasi isiongezeke kabisa kadiri unavyopanda.

Jambo la pili ni muda. Miezi minne ni msimu mmoja, pengine ndio msimu wenu wa upepo mwingi. Pimeni mwaka mzima usiopungua miezi 12, kisha linganisheni takwimu zenu na kumbukumbu za miaka 10 au 20 za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, ili mjue kama mwaka mliopima ulikuwa wa kawaida.

Miti iliyoinama ni ushahidi mzuri wa mwelekeo wa upepo. Itumieni kuchagua mahali pa kusimamisha mlingoti, wala msiitumie kuchagua mahali pa kujenga.

Fundi wa Mgongoni

Naongezea kuhusu umbo la kilima, kwa sababu hapo ndipo nilipoona watu wakipotea. Kilima chenye mteremko wa taratibu huubana upepo na kuuongezea kasi kileleni, na hiyo ni neema. Mteremko unapozidi takriban nyuzi 17, upepo huanza kubanduka kutoka kwenye ardhi na kujiviringisha. Niliwahi kufunga vitambaa kwenye kamba ya mlingoti uliokuwa karibu na ukingo wa jabali: cha juu kabisa kilinyooka kama bendera, cha katikati kikawa kinapiga huku na huku bila utaratibu, na cha chini kilielekea kule upepo unakotoka. Mtambo ukisimama mahali kama hapo, panga lililo juu na lililo chini hupokea upepo tofauti katika kila mzunguko, na msukosuko huo ndio unaokula beringi na giaboksi kabla ya wakati wake.

Je, mgongo wenu una urefu gani? Ikiwa duara la mapanga lina kipenyo cha mita 120, mitambo iliyopangwa safu moja inayokatiza upepo huhitaji kuachiana walau vipenyo vitatu, yaani mita 360. Mitambo kumi itataka zaidi ya kilomita tatu.

Laini Ndefu

Kilomita 30 za nyaya ni mradi mwingine ndani ya mradi, kwa kuwa kila kiwanja zinachopita kina mwenyewe. Mradi wa Ziwa Turkana nchini Kenya, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulikamilisha kusimamisha mitambo mwaka 2017, lakini umeme ulianza kuingia kwenye gridi Septemba 2018, kwa sababu njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 ilikuwa haijakamilika. Upepo ulikuwapo wakati wote huo. Kabla ya jambo lolote, pateni kwa maandishi kutoka kwa mwenye gridi kwamba kituo kile cha kupozea umeme kina nafasi ya kupokea umeme wenu.

Jirani Mwema

Naomba watu na ndege wasiwekwe mwisho wa orodha. Ndege wanaowinda hupenda kupaa juu ya migongo ya milima, kwa sababu upepo unaopanda mteremko huwanyanyua bila wao kupiga mbawa, na hapohapo ndipo mitambo nayo hupendelewa. Huko Altamont, California, tai wengi walikufa kwa kugongwa na mapanga ya mitambo iliyojengwa tangu miaka ya 1980. Mwajirini mtaalamu wa ndege na popo katika mwaka uleule wa kupima upepo, maana misimu ni ileile na wahamaji hupita kwa majira.

Zungumzeni pia na wanaolisha mifugo au kulima hapo, hata kama hati ina jina la mtu mwingine.

Mwanzilishi wa uzi

Nawashukuru kwa dhati. Leo nimepima mgongo kwenye ramani: una kilomita mbili tu, hivyo unachukua mitambo sita, na upande wa mashariki ni jabali tupu. Nimewaeleza wenzangu, nao wamekubali kuahirisha saini. Tunafikiria kusimamisha milingoti miwili, mmoja kila eneo. Ifike kimo gani?

Mpima Upepo

Isipungue theluthi mbili ya kimo cha kitovu, yaani mita 67 hivi kwa mtambo wa mita 100. Wekeni anemomita, yaani vipima kasi ya upepo, kwenye vimo vitatu, na kila moja ikae kwenye mkono mrefu unaochomoza pembeni, ili upepo utokao upande uliozoeleka usipitie kwanza kwenye mlingoti. Ongezeni kipimajoto na kipima mgandamizo wa hewa, kwani hewa nyepesi ya nyanda za juu hutoa nguvu kidogo kwa kasi ileile: kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari wepesi huo hufikia takriban asilimia 18. Na milingoti yote miwili ianze kupima siku moja.