Mama kaanza dawa ya sukari, na tayari yuko kwenye TLD (ARV, dawa ya VVU) na dawa za presha: vidonge tuvipange vipi?

Mtoto_wa_Arua

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mama. Ana miaka 61, kilo 64. Wiki iliyopita kaambiwa ana kisukari. Kipimo cha kwanza, akiwa ameshakula, kilitoa 14.2 mmol/L. Siku ya tatu yake, asubuhi kabla ya kula chochote, 9.8. Ana kiu isiyokatika na usiku anaamka mara nne kwenda haja ndogo.

Dawa alizokuwa nazo tangu zamani: TLD kidonge kimoja saa 3 usiku (tangu 2020), Septrin (dawa ya kuzuia maambukizi) kila siku, amlodipini 5 mg na haidroklorothiazaidi 25 mg kwa ajili ya presha. Kiungulia kikimshika anatafuna magnesiamu. Sasa kliniki ya sukari imemwandikia metfomini 500 mg asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kisha 1000 mg asubuhi na jioni.

Tatizo ni kwamba TLD anaichukua kituo kingine, na kule kwenye sukari hakusema. Benchi la kusubiria amekaa na majirani, akaona haya. Zaidi ya hapo, binamu kamnunulia glibenklamaidi (dawa nyingine ya sukari) duka la dawa, shangazi kaleta mululuza (majani machungu) ya kuchemsha. Hivyo viwili nimeviweka kando kwanza. Je, dawa zote hizi zinaelewana? Na ni kweli TLD ndiyo iliyoleta sukari?

Mfamasia_wa_Zamu

Umefanya vizuri kuuliza kabla wiki mbili hazijaisha, kwa sababu tatizo liko hapo kwenye 1000 mg asubuhi na jioni.

Ndani ya TLD kuna dolutegraviri (DTG). Metfomini haivunjwi na ini, inatolewa na figo jinsi ilivyo. Dolutegraviri inabana milango ambayo metfomini inapitia kwenye figo, kwa hiyo inabaki kwenye damu kwa wingi zaidi: kwa kidonge kimoja cha DTG kwa siku, kiwango cha metfomini mwilini hupanda kwa takriban asilimia 79. Ndiyo maana mgonjwa aliye kwenye DTG huwekewa kikomo cha metfomini 1000 mg kwa siku nzima. Kwa mama, maana yake ni 500 asubuhi na 500 jioni, basi. Zile 2000 zingefanya kazi ya kama 3500. Septrin nayo inabana milango hiyohiyo, kwa kiasi kidogo.

Watu wengi hufikiri suluhisho ni kutenganisha saa. Hapa haisaidii. Mgongano hautokei tumboni, unatokea kwenye figo, na DTG iko kwenye damu saa 24. Anaweza kumeza TLD na metfomini kwa pamoja bila wasiwasi. Kinachopunguzwa ni jumla ya siku.

Magnesiamu ndiyo ya kutenganisha saa. Ile inashikana na DTG tumboni, dawa inapita bila kuingia mwilini, na virusi vinapata nafasi. TLD imezwe saa 2 kabla ya magnesiamu, au saa 6 baada yake. Yeye anameza saa 3 usiku, kwa hiyo magnesiamu ya mwisho iwe saa 9 alasiri. Kiungulia cha usiku sana, baada ya saa 5, hapo anaweza kutafuna.

Glibenklamaidi irudishwe dukani au itupwe. Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kwa aliyezidi miaka 60, kwa sababu inashusha sukari kupita kiasi na kwa muda mrefu. Ikichanganyika na Septrin hatari inazidi, maana Septrin inaipa nguvu. Mzee anazimia usiku, watu wanadhani ni malaria.

Kuhusu metfomini yenyewe: ameze katikati ya chakula au mara tu baada ya kula, asimeze tumbo tupu. Wiki ya kwanza kuharisha kidogo na kichefuchefu ni kawaida. Kama tumbo limemchafuka sana, aombe aanze na 500 mg ya jioni peke yake kwa wiki moja, ndipo aongeze ya asubuhi.

Kondoo_Mweupe

Kwa nini asiache TLD kwanza mpaka sukari ishuke? Jirani aliambiwa hizo ndizo zinaleta sukari.

Nesi_wa_Kliniki

Kondoo_Mweupe, hapana, na naomba mtu yeyote asifuate hilo. Akiacha TLD, virusi vinarudi ndani ya wiki chache.

Swali lenyewe ni la haki. Mwaka 2020 madaktari wa Kampala waliripoti wagonjwa waliopandwa na sukari kali baada ya kuhamishiwa dolutegraviri, hata ambao hawakuwa na historia ya kisukari. Lakini wengi ilijitokeza ndani ya wiki au miezi michache ya kuanza. Mama yuko mwaka wa tano na kuendelea, ana miaka 61, ana presha. Kisukari cha kawaida cha ukubwani kinaelekea zaidi. Hata hivyo kliniki ya ARV lazima ijue, kwa sababu uamuzi wa kubadilisha au kutobadilisha dawa ni wao, wakiangalia kipimo cha wingi wa virusi.

Sasa hiyo haya ya benchini. Mama hahitaji kusema lolote mbele ya watu. Akifika dirishani aseme tu: "Nina jambo la kuzungumza na mganga faraghani kuhusu dawa zangu." Akiingia chumbani, atoe daftari lake la ARV na makopo yenyewe yakiwa na lebo. Asiweke vidonge kwenye kikaratasi au mfuko wa nailoni, kwa sababu vidonge vyeupe vinafanana. Wewe mwandikie karatasi moja: jina la dawa, miligramu, saa, tangu lini. Nakala moja kwa kila kliniki. Kliniki hizi mbili hazionani daftari, kwa hiyo karatasi hiyo ndiyo inayobeba habari kutoka moja hadi nyingine. Aliyeandika 1000 mara mbili huenda hakukosea kwa alichokijua. Hakuambiwa habari ya TLD.

Aombe pia kretinini ipimwe, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Hapa kuna mtego. DTG inapandisha namba ya kretinini kidogo bila kuharibu figo, lakini tenofoviri iliyomo humohumo kwenye TLD inaweza kuziharibu kweli. Namba moja peke yake haisemi kitu, ilinganishwe na ya zamani iliyoko kwenye daftari la ARV. Uwezo wa figo (eGFR, inayokokotolewa kutoka kwenye kretinini) ukishuka chini ya 45, metfomini hupunguzwa. Chini ya 30, inaachwa kabisa.

Lishe_Mbale

Wengi wataanza kumwambia asile matooke (ndizi za kupika). Msimtishe mama. Matooke, posho (ugali wa mahindi), kalo (ugali wa ulezi), muhogo, lumonde (viazi vitamu) vyote ni wanga, na kinachopandisha sukari ni kipimo kwenye sahani. Chukua sahani ya kawaida: nusu iwe mboga za majani kama dodo na nakati, au kabichi, robo iwe maharagwe, mukene (dagaa) au samaki, robo inayobaki ndiyo matooke, yaani donge lisilozidi ngumi yake mwenyewe. Katogo (chakula cha kuchanganya chungu kimoja) ya asubuhi iliyojaa matooke na muhogo, kisha mchana posho, hiyo ni wanga mara mbili kabla jua halijageuka.

Na watu hubadilisha posho kwa kalo wakidhani wameokoka. Kalo nayo ni wanga, na mara nyingi unga wake umechanganywa na muhogo. Ukubwa wa donge ni uleule. Mchuzi wa karanga hauna sukari nyingi, lakini una mafuta, kwa hiyo uwe wa kulowesha tu.

Anzia kwenye chai. Vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa. Kuviondoa hivyo, pamoja na soda na juisi ya pashoni iliyotiwa sukari, kwa kawaida kunaonekana kwenye kipimo ndani ya siku chache, kabla hata dawa haijakaa sawa. Uji wa mtama usiotiwa sukari, kikombe kimoja kidogo. Ndizi mbivu: bogoya (ile kubwa) nusu, au sukali ndiizi (ile fupi tamu) moja ndogo, wala si mkungu.

Mtoto_wa_Arua

Asanteni sana. Mashine ya kupimia tumepata, stripi 25. Nimpime mara ngapi? Jana asubuhi ilisoma 16.1, dakika kumi baadaye kwa kidole kingine 8.4. Imeharibika?

Nesi_wa_Kliniki

Alikuwa amemenya nini kabla? Embe, ndizi, au alishika sukari ya chai? Utando wa tunda ambao jicho halioni unatosha kuinua namba. Anawe kwa sabuni na maji, akaushe kabisa; maji yakibaki yanazimua damu na namba inashuka. Mkitumia spiriti, isubirini ikauke. Mchome ubavuni mwa ncha ya kidole, maana katikati kunauma zaidi. Ushushe mkono, ukamue taratibu kutoka kwenye shina la kidole. Tone liguse mdomo wa stripi, livutwe lenyewe, usilipake juu.

Kopo la stripi lifungwe mara tu unapotoa moja. Unyevu unaziharibu, na jikoni karibu na sigiri si mahali pake.

Kwa stripi 25: siku tatu kwa wiki, kila siku mbili, moja kabla ya kula asubuhi na moja saa 2 baada ya mlo mkubwa. Hiyo ni sita kwa wiki, zinafika wiki nne na moja ya akiba. Lengo ni 4 hadi 7 kabla ya kula, chini ya 10 baada ya kula. Ukiona mashine inayoonyesha mamia, ni kipimo kingine tu: zidisha 18. Ile 14.2 yake ni 256 hivi.

Mkiona 3.9 au chini, au anatetemeka, jasho baridi, maneno yanachanganyikana: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu kikombe, ngoja dakika 15, pima tena. Metfomini peke yake ni nadra kufikisha hapo. Akiwa hajitambui, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Mfamasia_wa_Zamu

Nyongeza mbili. Akitapika au kuharisha sana, asimamishe metfomini na haidroklorothiazaidi, aende kituoni siku hiyohiyo. Mwili ukikauka maji, metfomini inajaa. TLD haisimamishwi. Akiwa anatapika, anahema kwa nguvu na sukari iko juu, hapo ni dharura, usiku au mchana.

Haidroklorothiazaidi inaweza kuinua sukari kidogo, ila asiiache mwenyewe, presha itampiga. Amtajie mganga tu. Mululuza isitumike sasa hivi: inaweza kushusha sukari kwa kiasi ambacho hakuna anayejua, na mkiwa mnatafuta dozi sahihi, namba zitawadanganya. Mwambieni shangazi kwa heshima, alileta kwa upendo.

Mtoto_wa_Arua

Tumerudi leo. Mama aliingia chumbani peke yake na makopo yote. Mganga kafuta ile 1000, kaandika 500 asubuhi na jioni, kachukua damu ya kupima kretinini. Majibu Alhamisi. Leo asubuhi amenawa kwanza: 8.1.

Nesi_wa_Kliniki

Mpe mama pongezi zake. Alhamisi msikubali kuambiwa "figo ziko sawa" tu. Waandike namba yenyewe na tarehe kwenye daftari zote mbili.