Wenyeviti wa mitaa na madalali mnatumaliza! Nimenunua nyumba ya marehemu kwa mhuri

Wakuu, naandika nina hasira, lugha mtanivumilia.

Mwaka jana mwezi wa nane nilinunua boma la vyumba vitatu huku Goba, Dar, eneo halijapimwa, milioni 32. Hela ya miaka tisa: kikoba, mkopo wa Saccos na bodaboda niliyouza. Nimeezeka, nimepiga plasta, nimevuta maji. Mwezi wa pili mwaka huu niko juu ya ngazi napima dirisha, akaingia mama mtu mzima na binti zake wawili. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo ya rangi, akaangalia dari, akasema: "Mwanangu, umeniezekea vizuri."

Aliyeniuzia ni mtoto wa marehemu mumewe, wa mama mwingine. Alikuja na muhtasari wa kikao cha ukoo, sahihi tano, mbili za dole gumba, unaosema yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Nikaona mhuri wa serikali ya mtaa chini, nikaridhika. Sasa nimefundishwa kwa bei ya nyumba nzima: kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Anayeteua msimamizi ni mahakama, na akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anapewa fomu namba nne. Binti wa yule mama anayo. Aliyeniuzia hajawahi kuwa nayo, na simu yake haipatikani tangu Krismasi.

Ila huyo mwizi ni mwizi tu. Hasira yangu iko kwa wale watatu waliokaa mezani siku ya mauziano.

Mwenyekiti alitaka asilimia kumi, milioni 3 na laki mbili. Sheria gani? Hakuna. Lakini mimi nikakaa nabembeleza hadi akashuka milioni moja na nusu, nikatoka ofisini najiona mjanja wa mjini! Nilipomrudia mwaka huu akaniambia, "Mimi nilishuhudia pesa kuhesabiwa, sikushuhudia umiliki." Dalali, ambaye kila safari alikuwa anakula elfu ishirini ya kuonyesha, anasema kazi yake ni kuunganisha watu. Wakili anasema alithibitisha sahihi. Na ukiwasikiliza vizuri, hakuna anayedanganya! Wote watatu walilipwa biashara ifungwe, hakuna aliyelipwa kuizuia hata kama angejua. Na waliolipwa nililipa mimi.

Kinachoniumiza zaidi ni fundi cherehani wa nyumba ya pili. Siku ya kwanza kabisa aliniuliza, "Kaka, umeshaongea na mama mwenye nyumba?" Kabla sijajibu dalali akadakia, "Achana naye, ana wivu, alikuwa anaitaka yeye." Nikacheka naye. NIKACHEKA. Nikaambiwa tena tufanye haraka kuna mgonjwa anasubiri hela ya upasuaji, na hela iwe taslimu, benki inachelewesha. Nikabeba mfuko.

Kwa hiyo wewe unayetafuta nyumba sasa hivi na dalali anakupigia kila saa: rudi pale peke yako, jioni, watu wametoka kazini. Usiende naye. Kaa dukani, nunua soda, uliza majirani wa pande zote nne nani alijenga, anaishi nani, kuna kesi gani. Nenda kwa mjumbe wa shina, huyu anajua hadi nani kagombana na mkewe. Ukiambiwa ni mirathi, omba namba ya shauri, nenda mwenyewe mahakamani uone faili, na warithi wote uwaone kwa macho, sio kwa simu ya spika. Muuzaji ana ndoa? Mwenza wake awepo na asaini. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hilo la mke "amesafiri" likimbie.

Mwenye bahati ya kununua palipopimwa alipie upekuzi ofisi ya ardhi kwa namba ya kiwanja, aone jina nani, kama kuna rehani au zuio. Na akiuziwa bondeni kiangazi arudi wakati wa masika aone maji yanapita wapi. Mtu asikwambie ule mto umekufa. Sheria ya mazingira inataka mita 60 kutoka mtoni.

Nilianzia Baraza la Kata, nikaambiwa siku hizi kazi yao ni kusuluhisha tu. Sasa tuko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, shauri limetajwa mara tatu, mara ya mwisho mwenyekiti wa mtaa hakutokea.

Sasa ombi, na wa matusi ya "ulikuwa huna akili" mpite tu, nimeshajitukana. Kuna aliyewahi kudai gharama za maendelezo kwa warithi akalipwa? Risiti za bati na saruji ninazo, za fundi sina. Mama mwenyewe hana ubaya, kaniambia nikitaka nizifumue bati nizichukue. Fundi ananiambia zikishatobolewa misumari hazina bei.